Mashimo ya Ngozi Nyuma ya Jikoni

Juzi mjukuu wangu alinunuliwa viatu vya komunyo yake ya kwanza. Alivitoa kwenye boksi, akavisukuma mpaka chini ya pua yangu, akasema, "Koko, nusa! Ni ngozi ya kweli!" Mama yake akacheka kwa furaha, maana siku hizi ngozi ya kweli ni kitu cha kujivunia. Mimi niliinuka, nikatoka nje, nikashika ukuta, nikatema mate mpaka koo likakauka. Wakaniuliza kama ni malaria. Nikasema ndiyo, ni malaria. Ningewaelezaje watu waliozaliwa wakakuta viatu vimepangwa sokoni kama maparachichi? Lakini ninyi wa rika langu, mliokanyaga umande wa Masisi kwa nyayo tupu mpaka visigino vikapasuka, mtaniamini nikisema kwamba kiatu, kabla hakijawa kiatu, ni mzoga.

Nyumbani kwetu palikuwa juu kidogo ya Nyamitaba. Tulilima maharagwe na mihogo kama majirani wote, tulisali Jumapili kama majirani wote, na tulitembea miguu chini kama majirani wote. Wabeleji walikuwa wameshaondoka, wakaacha nyuma nyumba za matofali, ng'ombe, na mashamba makubwa ambayo hakuna aliyejua vizuri ni ya nani sasa. Viatu havikuwa vya kila mtu. Vilikuwa vya padri, vya karani wa shefu wa eneo letu, na vya mwalimu wetu, ambaye alikuwa na jozi moja tu. Alivibeba mkononi njia nzima, akafika kijitoni karibu na darasa, akanawa miguu, akavivaa akiwa hajakauka vizuri. Soksi hakuwa nazo. Sisi tuliokaa mbele tulijua, kabla hajafungua mdomo, kwamba mwalimu ameingia.

Papa alikuwa amefanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye mashamba, kazi ya kutunza matandiko ya farasi, mikanda na kamba za ngozi. Huko ndiko alikojifunza kushona ngozi. Mzungu alipoondoka, Papa alirudi kilimani na msharasi wake wa kutobolea na sindano nene, akaanza kukata makandambili ya mipira ya kamyo. Mipira hiyo aliitoa kwenye magari yaliyokufa kando ya barabara ya kwenda Walikale. Kazi ile ilikuwa safi. Mpira unanuka mpira, basi. Lakini vurugu zilipoongezeka na barabara zikaharibika, kamyo zikawa adimu, na zile zilizokufa zilikuwa zimeshavuliwa kila kitu. Ndipo Papa alipowageukia ng'ombe.

"Mungu ameweka viatu juu ya kila ng'ombe," alipenda kusema. "Kazi yetu ni kuvitoa tu."

Alichimba mashimo matatu nyuma ya jikoni. La kwanza lilikuwa la majivu. Ngozi mbichi ilizamishwa humo, ikakandamizwa kwa mawe, ikaachwa mpaka manyoya yalegee. Siku ya kuitoa, Papa aliitandaza juu ya gogo, nasi tukaikwangua kwa kisu butu kutoka shingoni kwenda mkiani. Manyoya yalitoka kwa mafungu, yana utelezi kama kamasi. Upande wa ndani, vipande vya mafuta ya kijivu vilibanduka na kuniangukia juu ya vidole vya miguu, vya baridi, vizito. Inzi hawakuruka tena. Walikuwa wameshiba, wanatembea. Shimo la pili, ambalo hata leo nalitaja kwa shida, lilikuwa la mavi ya kuku. Ngozi ikitoka kwenye majivu inakuwa ngumu, na kinachoilainisha, kama Papa alivyofundishwa, ni mavi ya kuku yaliyolowekwa mpaka yatoe povu. Kuyakusanya ilikuwa kazi yangu. Nilipita nyumba kwa nyumba na kikapu kabla ya kwenda masomoni, na wamama walinifungulia vibanda vya kuku huku wamegeuza nyuso. Shimo la tatu lilikuwa na maganda ya miti yaliyotwangwa, na maji yake yalikuwa mekundu kama chai iliyochacha. Hilo peke yake ningeweza kulivumilia.

Harufu ile haikuwa na heshima. Iliingia ndani ya blanketi, ndani ya nywele, ndani ya sombe, majani ya mihogo yaliyokuwa yanachemka. Mama alihamisha mafiga akayaweka mbele ya nyumba. Harufu ikazunguka nyumba, ikatufuata. Masomoni wenzangu waliniita Kangozi. "Kangozi anakuja! Funga pua!" Mwalimu, ambaye miguu yake mwenyewe tuliijua, aliniketisha karibu na dirisha ili upepo unipitie kwanza. Siku moja katekista alitusimulia jinsi Mungu alivyomwita Musa na kumwamuru avue viatu kabla hajasogea karibu. Darasa zima lilishangaa kwa nini. Mimi sikushangaa. Niliona wazi kabisa kwamba Mungu naye amenusa, na kwamba anajua mashimo yetu.

Papa peke yake hakusikia kitu. Alitoa mikono shimoni, akaipangusa kwenye kaptula, akakaa kumega ugali.

"Papa Mapendo, nawa kwanza," Mama alimwambia, akimwita kwa jina la dada yangu mkubwa.

"Nimenawa."

"Unanuka."

"Nanuka kazi," alijibu, akachovya tonge kwenye maharagwe, na mimi nikaacha kula.

Lakini watu walimpenda. Walikuja kutoka hata Ngungu kupimwa miguu. Papa alipima kwa kamba ya mgomba, akafunga fundo mwisho wa kidole gumba, akaitundika kwenye paa. Chumba chetu kikajaa kamba, miguu ya watu ikining'inia juu ya vichwa vyetu. Wakati wa kiangazi viatu vile vilikuwa vizuri, vinalia vikikanyaga. Mvua ikinyesha, ngozi ilikumbuka ilikotoka. Ililainika, ikavimba, ikaanza kunuka upya, na mbwa walifuatana na wenye viatu mpaka mlangoni mwa kanisa. Mzee mmoja alisinzia wakati wa mahubiri, na alipoamka mbwa alikuwa amekwisha kumlia kisigino cha kiatu.

Dada yangu Mapendo alikuwa msichana mkubwa wakati huo, mrefu, mwenye shingo nzuri na maneno machache. Akaposwa na kijana aitwaye Safari, mwana wa mama mmoja wa upande wa Walikale aliyefanya biashara ya mawese pale Hombo. Mama huyo, Mama Esteri, alipanda milima akaja kututazama. Alikuwa amevaa raba nyeupe za kitambaa zilizofuliwa vizuri, na alikaa kwenye kiti akiwa ameinua vidole vya miguu, asije akazichafua kwenye sakafu yetu.

"Binti iko muzuri," alisema akiisha kunywa maji. "Lakini arusi itafanyika ku misheni, mbele ya padri na bantu ya kwetu yote. Ataingia na miguu tupu?"

"Atavaa viatu," Papa alijibu.

"Viatu ya wapi?"

"Ya mukono yangu."

Mama Esteri alivuta hewa kidogo, akageuza uso kuelekea nyuma ya jikoni. "Ile inanuka kule, njo viatu?"

"Ile iko ngozi, Mama. Kiatu iko kitu ingine."

Mapendo aliinamisha kichwa, lakini niliona anatabasamu. Hakuwahi kuvaa kiatu hata siku moja maishani. Sisi watoto wa fundi tulikuwa wa mwisho; kila jozi iliyomalizika ilikuwa na mwenyewe. Kuanzia siku ile Papa alitafuta ngozi ya ndama, nyepesi, inayofaa mguu wa bibi arusi, na hakuipata. Siku za arusi zikakaribia.

Ndipo ndama wa jirani yetu Papa Bitamba alipokufa. Asubuhi alikuwa anakula majani, jioni alikuwa amelala, tumbo limevimba kama ngoma, na damu nyeusi inamtoka puani na chini ya mkia. Damu ile haikuganda. Papa Bitamba hakutaka kupata hasara. Alimchuna, akawagawia majirani nyama. Kipande chetu kilipoletwa, Mama hakukigusa hata kwa jani. "Nyama ya kitu imejifia, haiingii mu chungu yangu," alisema, akakirudisha. Lakini juu ya ngozi hakuulizwa.

Nilikwenda na Papa kuichukua. Ilikuwa imekunjwa chini, ina baka jeupe zuri, na inzi wengi kiasi kwamba ilionekana kama inapumua. Papa aliinyanyua, akanitwika kichwani. Ilikuwa bado na joto. Nilikwenda hatua chache, kisha kitu kikateleza nyuma ya sikio langu, kikashuka polepole shingoni, kikaingia ndani ya gauni. Nilipiga kelele, nikaitupa chini.

"Ile ni ngozi tu!" Papa alifoka. "Inua!"

"Sitaki, Papa. Inatoka maji."

"Aka katoto kanaringa! Weye ukikua utavaa nini ku miguu, kama haiko ngozi?"

"Sitavaa kitu."

Papa Bitamba alicheka sana, mikono yake imejaa damu mpaka viwikoni. Papa hakucheka. Aliiokota ngozi mwenyewe, akaitupa begani, ikamlalia upande wa shingo pale alipokuwa amechubuliwa na kamba ya kuni. Mimi nilikimbia mbele mpaka kijitoni, nikavua gauni, nikajisugua kwa mchanga mpaka ngozi yangu mwenyewe ikawaka moto.

Muda haukutosha kuipitisha ngozi ile kwenye mashimo yote kama ilivyopasa. Papa aliitia kwenye majivu, akaitoa mapema, akaipitisha haraka haraka kwenye mavi ya kuku na maji mekundu, akaipaka mafuta, akaanza kuikata ikiwa haijakauka. Alishona kutwa, kwa nyuzi za kano, na chini akatia soli ya kipande cha mwisho cha mpira alichokuwa nacho. Sijawahi kumwona amependa kazi kama ile. Baka jeupe alilipeleka mbele, juu ya vidole, kiatu kwa kiatu, na kila kimoja akakifunga kwa kibana cha mkanda wa zamani wa mzungu. Kwa macho vilikuwa vizuri mno. Kwa pua vilikuwa maiti mbili ndogo. Mapendo alivivaa ndani ya nyumba, akatembea kutoka ukutani mpaka ukutani, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mti.

Ni siku hizo nilipoona kitu shingoni mwa Papa. Kwanza kilikuwa kipele kidogo, kama cha mbu. Kikawa lengelenge. Lengelenge likapasuka, katikati pakawa peusi, pakavu, pamenywea, na pembeni nyama imeinuka na kung'aa.

"Inakuuma, Papa?"

"Apana. Haiumi hata."

Hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu kidonda kinauma, na ngozi iliyokufa haiumi. Nilikitazama kila alipoinama kushona. Kilikuwa na rangi ya vile vipande alivyokuwa anavipunguza kwa kisu. Kilikuwa vile vile, kimekauka vile vile. Nikaelewa, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba ngozi ya ndama ilikuwa imeingia ndani ya Papa pale ilipomlalia, na sasa inatokea nje. Papa alikuwa anageuka ngozi. Itaenea shingo nzima, halafu kifua, halafu mikono, na siku moja tutamkuta amekunjwa pale kwenye gogo, amenyamaza. Nilianza kujinusa. Kila asubuhi nilijipapasa nyuma ya sikio, nikivuta ngozi yangu kuona kama bado inauma.

Sikumwambia mtu, kwa sababu Papa naye alikuwa anaficha. Papa Bitamba alikuwa ameugua, akatapika damu, akafa, na kilima chote kilisema amelogwa. Majina yalikuwa yanatajwa kwa sauti ya chini. Papa hakutaka jina la mtu yeyote litajwe kwa ajili yake. Alijifunga kitambaa cha Mama shingoni, akaendelea kushona viatu vya watu. Uvimbe ukapanda mpaka taya, ukashuka mpaka kifuani. Sauti ikamkauka. Siku moja mchana aliinama kuchukua msharasi, hakuinuka tena.

Wanaume walimbeba kwa kipoyi mpaka dispansere ya misheni. Sisi watatu tulifuata nyuma, Mama, Mapendo na mimi, tukiona mguu wake mmoja unaning'inia nje ya machela, umepasuka kisigino. Maana fundi viatu naye alitembea pekupeku. Muganga alifungua kile kitambaa, akatazama, hakugusa. Hakuuliza nani adui wetu. Aliuliza, "Ng'ombe gani alikufa kwenu?"

Mama alimweleza yote. Yule muganga alisikiliza huku anatayarisha sindano ya penisilini, na uso wake ulikunjamana kadiri Mama alivyoendelea. Kisha akasema ugonjwa ule uko ndani ya damu, ndani ya manyoya, ndani ya ngozi yenyewe, na haufi kwa majivu wala kwa mavi ya kuku.

"Rudini, muchome ngozi yote," alisema. "Musishike na mukono. Tumieni miti mirefu. Mashimo muyafukie."

"Na viatu?" Mapendo aliuliza.

"Viatu njo ya kwanza."

Tulichoma kutwa nzima. Mama alitoa ngozi shimoni kwa mti mmoja mrefu, sisi tukazisukuma kwa mingine mpaka kwenye moto. Kama hamjawahi kunusa manyoya na mafuta ya ngozi iliyooza vikiungua pamoja, shukuruni. Moshi ulikuwa wa manjano, mzito, haukupanda juu; ulitambaa ukateremka mpaka kwenye nyumba za chini, na watu wakatoka nje wanapiga kelele. "Munachoma nini kule? Munachoma muntu?" Mama aliendelea kutoa ngozi shimoni. Alikuwa amejifunga khanga puani, na machozi yalikuwa yanashuka juu ya khanga. Mpaka jua linashuka tulikuwa tumechoma kila kitu, hata zile kamba za mgomba, lakini mashimo tulikuwa bado hatujayafukia. Nguvu zilikuwa zimetuishia.

"Viatu vyako vimeingia?" Mama alimwuliza Mapendo.

"Vimeingia, Mama."

Mimi nilijua havikuingia. Miaka ile ilikuwa imenipa pua kali. Niliweza kutenga ngozi moja na nyingine kama mnavyotenga sauti za watu. Kesho yake, Mama alipokwenda kumpelekea Papa uji, niliifuata harufu ile ya ndama mpaka kwenye kikapu cha Mapendo, chini ya nguo zake za arusi. Ndani ya kiatu, kwenye mshono, manyoya mafupi yalikuwa yamebaki, yameshikana kwa ute wa kijivu, na kwenye ute ule funza mmoja mweupe alikuwa anajikunja na kujikunjua. Nguo zile nyeupe zilikuwa zimeshapata doa. Nilivitoa kwa vijiti viwili, nimenyoosha mikono mbele kama mtu anayebeba nyoka, nikaenda mpaka chooni, nikavitumbukiza shimoni. Cha kwanza kiliingia kimya. Cha pili kilipoanguka, Mapendo alikuwa mlangoni.

Alinipiga kofi ambalo nililisikia mpaka kwenye meno. "Utanipa vingine weye? Nitaingia kanisa na nini?"

"Na miguu yako."

"Bantu batanicheka! Mama Esteri atanirudisha!"

Akachuchumaa juu ya tundu, akatazama chini. Vile viatu vilikuwa vimekaa juu ya uchafu, havijazama bado, na lile baka jeupe lilikuwa linaonekana. Alikwenda kuchukua mti mrefu, mmojawapo wa ile tuliyochomea ngozi, akaushusha shimoni, akaanza kuvua. Inzi wa kijani waliruka wakamfunika uso. Alitapika pembeni, akajifuta, akarudi kuvua. Kiatu kimoja kikanasa kwa kibana chake, kikaanza kupanda, kinachuruzika. Nilimshika kiuno kwa nyuma, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nalia.

"Acha, dada! Utageuka ngozi!"

"Nini?"

"Utageuka ngozi kama Papa! Yeye ameshageuka ku shingo, na haiumi tena! Itakuingia ku miguu, halafu utakuwa ngozi mwili yote!"

Mapendo alisimama na mti wake mkononi. Nadhani mpaka siku ile hakuwa ametazama vizuri shingo ya Papa, au aliitazama asitake kuona. Alinitazama mimi. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe, akainua mmoja, akaushika kwa mkono, akaubonyeza kidoleni kwa kucha, kwa nguvu.

"Inakuuma?" nilimwuliza.

"Inauma," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia. Akauachia mti, ukaanguka shimoni na kiatu chake. Tulikaa pale pale nje ya choo, kwenye uvundo ule, tumekumbatiana kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguvu ya kwenda mbali zaidi.

Papa hakufa. Kile kipande cheusi kilibanduka chenyewe, kikaacha shimo ambalo ungeweza kutia kidole gumba, na alikaa dispansere mpaka uvimbe ukaisha na sauti ikarudi. Arusi ilisogezwa mbele. Siku aliporudi alikuja kwa miguu, amekonda, shingo imefungwa bandeji nyeupe, na alinukia sabuni. Tulikuwa tumefagia uwanja kwa ajili yake, lakini mashimo hakuna aliyethubutu kuyakaribia tena. Alifika pale penye mgomba wa kwanza, akasimama. Akageuza uso huku na huku. Akavuta pembe ya shati, akajifunika pua.

"Nani amekufa hapa?" aliuliza.

Mama alikuwa anamenya mihogo. Hakuinuka. "Hakuna muntu amekufa. Ni nyumba yako."

"Apana. Iko kitu inaoza."

"Haiozi tena. Tulichoma yote. Hii njo ile ilibakia tu ku mashimo."

"Ilibakia tu?"

Alizunguka nyumba kwenda nyuma ya jikoni, nasi tukamfuata. Yale mashimo yalikuwa na maji ya mvua sasa, yana ngozi ya povu juu, na mabuu yaliyokuwa yanacheza. Papa aliinama kutazama, na mtu yule, ambaye alikuwa ameingiza mikono humo kila siku na kumega ugali kwa mikono ile ile, aliruka nyuma, akashika ukuta wa jikoni, akatapika ule uji wote wa misheni. Alitapika mpaka bandeji ikaloa. Majuma yale ya kulala kwenye chumba kilichopigwa chokaa yalikuwa yamemrudishia pua yake.

"Mulikuwa munakula hapa?" alimwuliza Mama, sauti imepasuka.

"Tulikuwa tunakula."

"Na batoto?"

"Na batoto."

"Myaka hii yote?"

Mama alikuwa amekwisha kumwambia mara nyingi, na kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Papa akanigeukia mimi. Kisha alikwenda kuchukua jembe, akaanza kufukia. Shingo ilimkataza, kila akiinua jembe alikunja uso. Mapendo alimpokea. Tulifukia wote, zamu kwa zamu, udongo juu ya majivu juu ya udongo, na Papa hakutoka pale, ingawa kila mara alikwenda pembeni kutapika na kurudi.

Tulikwenda misheni kwa miguu, asubuhi yenye ukungu. Mama Esteri alikuwa anatungoja mlangoni mwa kanisa na ndugu zake wote wa Walikale, amevaa zile raba zake nyeupe. Macho yake yalikwenda moja kwa moja chini, kwenye miguu ya Mapendo, ambayo Mama alikuwa ameisugua kwa jiwe na kuipaka mawese mpaka ikang'aa.

"Viatu iko wapi?"

Nilishika gauni la Mama. Mapendo aliinamisha kichwa. Lakini Papa alijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa habari za shamba.

"Viko mu choo, Mama."

"Mu choo!"

"Njo pahali yake."

Mama Esteri alitazama ile bandeji, akatazama tena miguu ya binti, na sijui alichofikiri. Alisogea tu pembeni, akatupisha. Ndani, watu wa kwetu na watu wa kwao walikuwa wamejaa kwenye viti, Safari amesimama mbele na suruali iliyopigwa pasi. Mapendo alimnyooshea Papa mkono ili waingie pamoja. Papa hakuushika. Aliinua kwanza kiganja chake mpaka puani, akanusa. Akakipangusa kwenye suruali, mbele na nyuma, akanusa tena, na tena akakipangusa, na watu wote wakawa wanatungoja. Halafu ndipo alipomshika mwanawe mkono, wakaenda.